Dume ao jike? Namna ya kumtambua mtoto wa kipanga siku ya kumvika pete

Swali hili naulizwa kila mara tukishuka mtini, mwenye shamba amesimama pale na watoto wake wote wanaangalia: "Sasa papa, umejuaje kama huyu ni dume?" Na kabla sijajibu, mtu mwingine pembeni anajibu, "Si yule mkubwa!" Ju kwa jogoo iko hivyo, kwa mbuzi iko hivyo, ata kwa ng'ombe. Lakini kwa ndege wa kuwinda mambo yamegeuka, jike njo mkubwa, dume njo mdogo, na ukikosea hapo mwanzo utakosea mpaka pete, ile yenye namba tunayomvika mguuni, ju kwa ndege wengi wa aina hii pete ya dume na pete ya jike si saizi moja. Njo maana naandika huu mwongozo, kwa wale wanaoanza hii kazi hapa Bukavu na kwenye milima ya kando kando, na kwa wanafunzi wa biolojia wanaokuja kutusaidia na hamu mingi sana lakini wanashika mizani tu, wanaona mtoto mzito, wanaandika "jike", basi.

Shika kitu kimoja, ata mengine yote ukiyasahau: mguu unakuambia jinsia, nyoya linakuambia umri. Ukisoma kimoja bila kingine utadanganyika.

Ndege gani tunaongelea

Mimi kazi mingi nimefanya na kipanga mweusi (Accipiter melanoleucus), yule anayependa kujenga kiota juu kabisa kwenye mikalitusi, kule Kabare na kuelekea Katana utamkuta. Kwake tofauti inaonekana vizuri: dume mzima anazunguka nusu kilo hivi, jike anapita gramu 700 bila shida na wengine wanakaribia kilo. Kozi mkubwa (Falco peregrinus) naye iko hivyo hivyo, dume anapungukiwa kama theluthi moja kwa jike, na wengi wanasema njo sababu Wafaransa wanamwita dume "tiercelet", jina linatoka kwa neno la theluthi. Kwa ujumla wale wanaokamata ndege wenzao wanakuwa na tofauti kubwa, wanaokula panya na mijusi tofauti inapungua, na tumbusi wanaokula mizoga tofauti ni ndogo sana, usijaribu kabisa kwa macho ao kwa kipimo. Yule tai mdogo mwenye mkia mwekundu anayesimama juu ya nguzo njia ya Walungu (Buteo augur) iko katikati: jike ni mkubwa kidogo, lakini vipimo vinaingiliana, kwa hiyo wengi wake utawaandika "sijui" mpaka upate jibu la maabara.

Rangi? Kwa watoto wa kipanga mweusi rangi haisaidii, dume na jike wote wanatoka na manyoya ya kahawia. Kule Amerika kuna kozi mdogo (Falco sparverius) ambaye mtoto wake wa kiume anaota mabawa ya rangi ya bluu-kijivu na wa kike mabawa mekundu-kahawia, unafungua bawa unajua palepale. Sisi huku hatuna hiyo bahati. Na usisikilize anayekuambia "huyu anapiga kelele sana ni jike" ao "huyu ni mkali ni dume", hiyo ni tabia ya njaa na woga tu, si ya jinsia.

Kabla ya kupanda

Karatasi kwanza. Ndani ya hifadhi kama Kahuzi-Biega ruhusa inatoka ICCN, shirika la serikali ya Kongo linalolinda hifadhi, na nje ya hifadhi usidhani ni msitu wa bure, kuna mwenye mti, kuna chefu wa kijiji, kuna watu wa mazingira wa provensi. Pete zenyewe hazitengenezwi kwa fundi wa sufuria. Kila pete iko na namba yake peke yake na anwani, inatoka kwa shirika la pete linaloweka daftari la namba zote, kama vile SAFRING ya Afrika Kusini, na mtu hapewi pete bila kufundishwa na mwenye kibali. Hii mambo ilianza mwaka 1899 na mwalimu mmoja wa Denmark, Mortensen, aliyevika kwezi pete za aluminiamu zenye namba na anwani, na mpaka leo nguvu ya pete ni ileile: namba ikisomwa mahali popote, mtu anajua ni nani.

Halafu mwenye shamba. Huyu naye ni lazima umwongeleshe vizuri, ju mara nyingi kipanga amemlia vifaranga na yeye anangojea tu siku ya kukata mti. Kaa naye chini, salimia mama, mweleze unachokuja kufanya, mwambie hutachukua mtoto ata mmoja. Mimi mwenye shamba namwalika aje aone, ashike kaye aniandikie namba. Kuna mzee mmoja kule juu ya Miti ambaye zamani alikuwa anawatupia ndege mawe, sasa njo yeye ananipigia telefone kuniambia "wako wameanza kuleta vijiti." Na umuulize njia pia, siku hizi njia inayopitika leo kesho haipitiki, watu wa kijiji njo wanajua.

Kuchagua siku

Hapa watu wanaharibu kazi yote bila kujua. Ukienda mapema sana, miguu bado inakua, kipimo hakikuambii kitu na pete itakuwa hatari. Ukienda kuchelewa sana, watoto wamekomaa vya kutosha kuruka kwa woga lakini si vya kutosha kupaa, ukitokeza kichwa kwenye kiota wanajitupa chini, na mti ni wa mita ishirini na kitu. Kwa kipanga mweusi, anayekaa kiotani kama wiki 5 mpaka 7, sisi tunalenga wiki ya 3 mpaka ya 4. Kozi mkubwa anaondoka kiotani karibu siku ya 40, wengi wanamvika pete kati ya siku ya 18 na 25 hivi.

Kama hujui mayai yalipasuka lini, kaa mbali na darubini uangalie. Mtoto mweupe wote kama pamba, bado. Mtoto ambaye kwenye mabawa na mgongo manyoya ya kahawia yametoka lakini kichwa kingali pamba, huyo njo wako. Mtoto wa kahawia mpaka kichwani anayetembea kwenye tawi na kupigapiga mabawa, mwache, umechelewa, utarudi msimu mwingine, usijidanganye kwamba utapanda pole pole.

Usiende wakati wa mvua ao mawingu yameshajifunga juu ya ziwa, na usiende saa sita mchana jua kali. Asubuhi saa tatu, saa nne, ni sawa.

Vitu vya kubeba

Kamba ya kupandia na mtu wa kuishika chini anayejua kazi, kaske kichwani (mama kipanga anapiga kwa makucha, na anapiga kichwa), mfuko wa kitambaa kigumu mmoja kwa kila mtoto, vipande vya kikwembe vya kufunika macho, mizani ya kuning'iniza, rula yenye kizuizi kwenye sifuri, kile kipimo cha kubana ambacho mafundi wa vyuma wanapimia unene wa bomba, koleo la pete lenye matundu ya saizi zako, pete zote za saizi ya dume na za jike, bahasha ndogo za karatasi, kaye, na biki mbili ju moja itakataa kuandika. Kalamu ya risasi ni bora zaidi, haiogopi unyevu.

Kushusha watoto

Anayepanda asipime chochote juu. Kazi yake ni kuhesabu watoto, kuangalia kama kuna yai halijapasuka, kuweka kila mtoto kwenye mfuko wake na kuwashusha kwa kamba pole pole. Mtoto akikuona atalala mgongo na kukutolea makucha mbele, hiyo njo silaha yake, mdomo hauna hatari sana. Mpe kikwembe akishike, halafu kamata miguu yote miwili kwa mkono mmoja, mwingine unakusanya mabawa ukimbana kidogo kifuani mwako, bila kumkaza kifua, ju ndege anapumua kwa kupanua kifua, ukimkaza unamnyonga ata kama shingo iko huru.

Chini, kaa kwenye kivuli. Tandika kikwembe, mfunike macho, atatulia palepale kama amelala. Akianza kuhema na mdomo wazi, ana joto: msogeze penye upepo, maliza haraka, arudi. Toka mtu alipofika kiotani mpaka watoto wamerudi, mimi najipa nusu saa, isizidi.

Kupima, na hapa usikimbie

Vipimo vinne, na vyote vipimwe na mtu mmoja siku nzima. Mkono wangu na wako haubani sawa, tukipokezana katikati tutapata tofauti ambayo si ya ndege, ni ya mikono yetu.

Bawa kwanza. Likunje vile ndege anavyolikunja akipumzika, weka ule mkunjo wa mbele kwenye kizuizi cha rula, soma mpaka ncha ya nyoya refu kuliko yote. Usilivute. Yale manyoya bado yanachipuka, shina liko ndani ya ala ya bluu-bluu yenye damu, ukilivunja litatoka damu mingi na nyoya litaharibika. Hili bawa njo saa yako: linaongezeka kila siku kwa mwendo unaoaminika, ata mtoto aliyekosa chakula kidogo bawa lake linajitahidi.

Pili unene wa mguu. Ni ule mguu wa njano usio na manyoya, kati ya kiungo cha nyuma (watu wanaita goti, kwa kweli ni kisigino) na pale vidole vinaanzia. Tafuta katikati mahali pembamba kabisa. Pima kutoka upande mpaka upande, halafu kutoka mbele mpaka nyuma, ju mguu si duara, iko bapa kidogo. Kile kipimo cha kubana kiguse tu ngozi, kisiibonyeze. Fanya mara tatu, ukipata namba tatu zinazokaribiana chukua ya katikati, ukipata moja imeenda mbali rudia zote. Hapa tunaongelea sehemu za milimita, nusu milimita inaweza kubeba jibu lote.

Tatu, mguu wa chini: nyoosha vidole kwenye rula, pima kutoka mwisho wa kidole cha nyuma mpaka mwisho wa kidole cha kati, bila kucha. Kipimo hiki na unene njo ninavyoviamini zaidi, ju miguu ya hawa ndege inamaliza kukua mapema, wakati manyoya hayajafika ata nusu ya urefu wake.

Nne, uzito. Weka mfuko na mtoto, halafu pima mfuko peke yake utoe. Lakini kabla ya kuandika, papasa shingo pale chini: ule mfuko wa chakula umejaa? Andika "tupu", "nusu" ao "umejaa". Mtoto aliyekula njiwa sasa hivi anabeba makumi ya gramu ambazo si zake, na njo hapo mizani inamgeuza dume kuwa jike.

Kusoma namba: kisa cha watoto watatu

Tulikuwa na kiota cha watoto watatu, mikalitusi ile ya juu ya kilima ambapo ukigeuka unaona ziwa Kivu lote mpaka Idjwi. Tuliwatandika kwenye kikwembe mmoja kando ya mwingine. Kwa macho: mmoja mkubwa mwenye manyoya mengi, wa pili anayelingana naye karibu, wa tatu mdogo, pamba tupu kichwani mpaka mabegani. Mwanafunzi mmoja aliandika haraka haraka: jike, jike, dume.

Nikamwambia, dada, tuanze upya, anza na mabawa. Wa kwanza bawa lake lilikuwa refu kuliko wote, lilipita la wa pili kwa upana wa vidole viwili. Kwa hiyo huyu ni mzaliwa wa kwanza, amekula siku nyingi zaidi, lazima awe mkubwa, jinsia yoyote. Mayai hayapasuki siku moja, njo maana watoto wa kiota kimoja wanatofautiana. Sasa miguu yake: myembamba. Vidole virefu, vyembamba, ukivishika unasikia mifupa kama vijiti vya kiberiti ndani ya ngozi. Wa pili, bawa fupi, umri mdogo, lakini mguu ulikuwa mnene waziwazi, kiganja cha mguu kimejaa, na kucha ya nyuma nzito. Na wa tatu, yule "mdogo", pamba bado kichwani, bawa fupi kuliko wote, lakini unene wa mguu wake ulikuwa sawa na wa pili, haukupungua kitu!

Jibu: dume, jike, jike. Kinyume kabisa kwa wawili kati ya watatu. Mkubwa alikuwa dume aliyetangulia, mdogo alikuwa jike aliyechelewa. Yule dada aliwageuza geuza, akapima tena yeye mwenyewe wote watatu, akapata kilekile, na kusema kweli mimi siku ile nilifurahi kuliko siku nyingi za kazi, ju niliona amekamata.

Sheria ya mkono iko hivi: miguu midogo na manyoya marefu, dume. Miguu mikubwa na pamba mingi, jike. Tena madume wenyewe wanakomaa haraka, manyoya yao yanakimbia na wanaondoka kiotani siku kadhaa mbele ya dada zao, kwa hiyo tofauti inazidi kuonekana. Miguu mikubwa na manyoya marefu pamoja ni jike mkubwa, haina shida. Miguu midogo na pamba tupu, hapo simama: anaweza kuwa dume, anaweza kuwa jike mchanga ambaye miguu haijamaliza. Huyo hupati jibu leo.

Na ukiwa na watoto wa viota vingi, chora. Karatasi ya mraba-mraba, chini uandike urefu wa bawa, pembeni unene wa mguu, kila mtoto nukta moja. Ukishafika watoto makumi kadhaa utaona nukta zinajigawa zenyewe, kundi la juu na kundi la chini, na katikati nafasi. Mtoto mpya anaangukia kundi gani, njo jibu lake. Anayeangukia kwenye nafasi ya katikati, andika alama ya kuuliza, usimsukume upande wowote.

Tafadhali chora ya kwako, ya ndege wa hapa. Usichukue jedwali la Ulaya ulilokuta kwenye intaneti. Kozi mkubwa wa Afrika ni mdogo kuliko wa Ulaya, ukitumia vipimo vya kule utamwita jike wa hapa dume.

Pete

Sasa njo unachagua pete, si kabla. Pete nzuri inazunguka mguuni bila kukwama, inapanda na kushuka, lakini haipiti kwenye kiungo cha juu wala haishuki kwenye vidole. Ifunge pole pole na tundu la koleo la saizi yake mpaka ncha zikutane sawasawa, bila mwanya wa kunasa uzi ao jani, na bila ncha moja kupanda juu ya nyingine. Kwa furukombe na tai wakubwa aluminiamu ya kawaida haifai, wanaifungua kwa mdomo, wanahitaji pete ya chuma kigumu yenye kufuli.

Mwaka wangu wa pili wa kazi nilimwita dume jike, kwa sababu ileile, alikuwa mkubwa kiotani na tumbo limejaa. Nikamvika pete ya jike. Wakati nataka kumrudisha kwenye mfuko nikaona imeshuka, imekaa juu ya vidole, kidole cha nyuma kimeanza kuingia ndani. Ingekuwa nimemrudisha hivyo, kile kidole kingenasa, na kipanga asiye na kidole cha nyuma hawezi kushika nyama, anakufa njaa. Moyo ulinipiga vibaya. Ukifika hapo, usikate pete kwa mkasi ao kisu, utavunja mguu. Chukua nyuzi mbili za kuvulia samaki, ingiza zote ndani ya pete, ufanye vitanzi viwili, mtu mmoja ashike mtoto na kuushikilia mguu kabisa, mwingine avute nyuzi pande mbili, upande na upande, mpaka pete ifunguke. Ile namba inaandikwa "imeharibika", haitumiki tena. Toka siku ile pete ni kitu cha mwisho, baada ya vipimo vyote kusomwa kwa sauti na mtu wa pili kukubali.

Ukiwa na mashaka: maabara

Kwa ndege, kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili) zimegeuka ukilinganisha na sisi watu: dume iko na mbili zinazofanana, ZZ, na jike iko na mbili tofauti, ZW. Kuna jeni moja (sehemu ya uzi wa urithi), CHD1, inayokaa kwenye Z na kwenye W pia, lakini vipande vyake havina urefu sawa. Maabara wanaongeza hivyo vipande, wanavipitisha kwenye jeli, dume anaonyesha mstari mmoja, jike mistari miwili. Mbinu hii inatumika toka miaka ya 1990 na ni ya kuaminika kuliko mkono wowote. Ila kwa baadhi ya ndege wa kuwinda ile tofauti ya urefu ni ndogo, mistari miwili inaonekana kama mmoja, kwa hiyo waambie maabara ni ndege gani ili wachague vianzio vinavyofaa, vile vipande vifupi vya kuanzishia kazi ya kunakili.

Unachotoa wewe: manyoya mawili matatu madogo ya kifuani, ung'oe na mzizi wake, usishike mzizi na vidole, weka kwenye bahasha ya karatasi. Si mfuko wa plastiki! Ndani ya plastiki unyevu unabaki, kuvu inakula kila kitu. Juu ya bahasha andika namba ya pete, tarehe, kiota. Damu nayo ni nzuri, tone moja tu linatosha ju chembe nyekundu za damu ya ndege ziko na kiini, tofauti na zetu, lakini hiyo mwachie aliyefundishwa na mwenye ruhusa ya damu.

Na usivuke mpaka na zile bahasha. Watu wa hapa tunavuka Ruzizi kwenda Rwanda kama kwenda sokoni, lakini ndege hawa wako kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa nchi nyingi juu ya biashara ya wanyama na mimea ya pori, kozi mkubwa iko ata kwenye ile ya kwanza kali kabisa, na nyoya moja kutoka nchi hii kwenda nyingine linahitaji karatasi. Anza na kuuliza kwa watafiti wa CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi kule Lwiro, kabla ya kufikiria mbali.

Kurudisha na kuandika

Watoto wote wanarudi pamoja, mara moja, kiota kilekile. Anayepanda ahesabu tena kwa sauti, awaweke katikati ya kiota, aweke mkono juu yao kidogo mpaka watulie, halafu ashuke bila kuruka ruka. Chini toeni vitu vyote, msiache ata kipande cha kamba. Ondokeni mbali, mtu mmoja abaki na darubini aangalie mama mpaka amerudi kiotani, aandike saa.

Kwenye kaye, kila mtoto mstari wake: namba ya pete, mguu gani, bawa, unene mara mbili, urefu wa mguu wa chini, uzito, mfuko wa chakula, jinsia, na pembeni ya jinsia andika umeijuaje, "vipimo" ao "maabara" ao alama ya kuuliza. Hiyo safu ya mwisho wengi wanairuka na njo ya maana sana kwa atakayesoma kaye yako baadaye.

Jibu la maabara likija tofauti na lako, ao mwaka ujao ukimwona yule uliyemwita dume amekalia mayai na ni mkubwa kuliko mwenzake, usifute. Piga mstari mmoja juu ya neno la zamani, libaki linasomeka, andika jipya pembeni na tarehe. Halafu rudi kwenye ile karatasi ya mraba-mraba, tafuta nukta yake, uone ilikuwa imekaa wapi siku ile.